Kipima-Tetemeko cha Mbarara Hakina Miguu

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba, 2016, saa tisa na dakika 27 za alasiri, ardhi ya Mkoa wa Kagera nchini Tanzania ilitikisika kwa nguvu ya kipimo cha 5.9. Katika Bukoba na vijiji vyake nyumba zilianguka kwa mamia, na watu zaidi ya 15 walipoteza maisha yao. Mtikisiko ule haukuomba ruhusa mpakani. Ulisikika Rakai, ulisikika Isingiro na Mbarara, ukafika Rwanda, Burundi na Kenya. Kutoka kitovu chake mpaka hapa Mbarara ni kama kilometa 100. Wimbi la kwanza lilipita chini ya mji huu kabla nusu dakika haijakwisha.

Muda mfupi baadaye, wataalamu waliokaa Marekani na Ulaya, watu ambao wengi wao hawajapata kuikanyaga Bukoba, walikuwa wamekwisha kutaja mahali tetemeko lilipoanzia, saa yake, nguvu yake na kina chake chini ya ardhi, yaani kama kilometa 40. Hawakuwa waganga wa ramli. Waliletewa habari hizo na vyombo vilivyotawanywa katika mabara yote, vipima-tetemeko, ambavyo usiku na mchana huandika kila mtikiso wa ardhi na kuupeleka mbali. Kimoja cha vyombo vya mtandao huo kiko hapa kwetu, kilometa chache mashariki ya mji wa Mbarara. Askari wengi husafiri kwenda Masaka na Kampala bila kujua kwamba kipo.

Sasa na tujitazame wenyewe. Tumepata kuonyeshwa daftari la matukio la kituo kimoja cha eneo hili, kituo ambacho hatutakitaja. Ukurasa wa siku ile una wizi wa mbuzi, una ugomvi wa walevi, una gari lililoharibika njiani. Tetemeko halimo. Askari wa zamu aliyeuandika ukurasa ule alikimbia nje kama wenzake wote, akasikia mabati yakilia, akaona ukuta wa jikoni umepata ufa, kisha akarudi mezani akaandika juu ya mbuzi. Hatumlaumu. Hakuna aliyepata kumwambia kwamba tetemeko ni tukio la kuandikwa, wala hakuna aliyempa namba ya simu ya mtu wa kuarifiwa. Walakini jambo lenyewe limetukaa rohoni, na ndilo linalotufanya tuandike leo.

Kwanza yafaa askari akielewe chombo chenyewe, maana kitu asichokielewa mtu hukidharau au hukiogopa. Kila mmoja wetu amepata kusimama nyuma ya lori la jeshi. Lori likiondoka ghafula, miguu huenda na lori, lakini kiwiliwili hubaki nyuma kidogo, na asiyeshika chuma huanguka. Kipima-tetemeko kimejengwa juu ya siri hiyo hiyo. Ndani yake mna uzito ulioning'inizwa. Ardhi ikitikisika, sanduku huenda na ardhi, uzito hubaki nyuma, na tofauti kati ya viwili hivyo ndiyo inayoandikwa. Zamani iliandikwa kwa sindano juu ya karatasi. Siku hizi hugeuzwa kuwa umeme na tarakimu. Chombo huwekwa katika handaki lenye sakafu iliyoshikamana na mwamba, mbali na vishindo vya mji, kwa sababu kina masikio makali mno. Husikia lori linalopita. Husikia nyayo za mtu aliye karibu. Jambo lililotushangaza sisi ni kwamba vyombo vya namna hii husikia hata mvumo wa mawimbi ya bahari vikiwa katikati ya bara, na Mbarara iko zaidi ya kilometa 1,000 kutoka Bahari ya Hindi.

Namna ya kupata umbali wa tetemeko, askari wa mizinga ataielewa upesi kuliko mtu mwingine yeyote. Katika chuo cha kadeti tulifundishwa kwamba ukiuona mmweko wa mzinga wa adui, hesabu sekunde mpaka mshindo ukufikie. Kila sekunde 3 ni kama kilometa moja. Tetemeko nalo hutuma wajumbe wawili. Wa kwanza ni wimbi la kusukuma, ambalo katika miamba migumu hukimbia kilometa 6 au zaidi kwa sekunde. Wa pili ni wimbi la kutikisa ubavuni, ambalo huja nyuma kwa mwendo wa kilometa 3 na nusu hivi, na ambalo aghalabu lina kishindo kikubwa zaidi kwa nyumba. Kwa tetemeko la karibu, hesabu sekunde zilizo kati ya wajumbe hao, uzidishe kwa 8, utapata kilometa bila ya kukosea sana. Kwa kitovu kilicho umbali wa kilometa 100, hizo ni sekunde 12 au 13.

Lakini umbali pekee hauonyeshi upande. Askari mmoja hawezi kuweka msalaba juu ya ramani mpaka mwenzake wa kilima cha pili naye apime. Basi mtaalamu huchukua bikari, akachora duara kuzunguka Mbarara, akachora la pili kuzunguka kituo cha Kilimambogo nchini Kenya, na la tatu kuzunguka kituo cha Furi karibu na Addis Ababa, au kile cha Lusaka. Mahali maduara yanapokutana ndipo penye kitovu. Leo mashine hufanya hesabu hizo kwa njia iliyo bora zaidi na kwa vituo vingi kwa mara moja, ila msingi ndio huo. Kwa hiyo mtandao huu hauna maana katika nchi moja. Kila kituo hutegemea vituo vya jirani, na kituo kimoja kikizimika, ramani ya wote hufifia upande huo.

Mtandao wenyewe una historia ndefu. Mwaka 1889 Mjerumani Ernst von Rebeur-Paschwitz, aliyekuwa na chombo chake huko Potsdam kwa ajili ya uchunguzi mwingine kabisa, aliona mstari wa kumbukumbu zake umetikisika pasipo sababu. Baadaye akasoma kwamba wakati ule palikuwa na tetemeko Japani. Ndipo watu walipojua kwamba ardhi inaweza kupiga hodi upande mmoja wa dunia ikasikika upande wa pili. Mwingereza John Milne, aliyefundisha Japani kwa miaka mingi, alirudi kwao mwaka 1895, akakaa katika Kisiwa cha Wight, na kutoka huko akaeneza vyombo vyake katika nchi nyingi.

Fedha nyingi, hata hivyo, hazikuletwa na huruma kwa waliobomokewa na nyumba. Zililetwa na bomu. Mwaka 1958 wataalamu wa kambi mbili zilizokuwa zikishindana duniani walikutana Geneva wakaulizana: taifa likilipua bomu la nyuklia chini ya ardhi kwa siri, litajulikanaje? Kutokana na swali hilo Marekani ilijenga, katika miaka ya 1960, mtandao wa vituo vipatavyo 120 vyenye vyombo vya namna moja, na Nairobi ilikuwa mojawapo ya vituo hivyo. Kumbukumbu za vituo zilitolewa kwa wanasayansi wote, na kutokana nazo ikaonekana wazi jinsi ganda la dunia lilivyogawanyika mapande mapande, na jinsi matetemeko yanavyofuata mipaka ya mapande hayo. Bonde letu la Ufa ni mpaka mmoja wa namna hiyo, nao ungali unapanuka milimeta chache kila mwaka.

Tunayasema hayo ya bomu waziwazi kwa sababu tumesikia askari wenye akili timamu wakiuliza: je, chombo cha Mbarara si cha kijasusi? Swali hilo si la kipumbavu, na anayeliuliza hastahili kuchekwa. Mtu aliyefunzwa kulinda nchi lazima ashuku sanduku la kigeni lililofukiwa ardhini. Jibu ni hili. Ni kweli kwamba chombo hicho hushiriki katika kazi ya kukamata milipuko ya siri. Mkataba wa kupiga marufuku majaribio yote ya nyuklia ulifunguliwa kutiwa sahihi mwezi Septemba 1996. Uganda ilitia sahihi mwaka huo huo, ikauridhia mwaka 2001. Mkataba huo umeagiza kuwepo vituo na maabara 337 duniani, na kati ya hivyo, vituo 120 ni vya akiba vya kupimia matetemeko; Mbarara ni kimojawapo. Kwa hiyo chombo hiki kimo katika mkataba ambao nchi yetu yenyewe iliukubali. Mlipuko husukuma miamba pande zote kwa mara moja, ilhali tetemeko huitelezesha, na mtaalamu huziona tofauti hizo katika mistari. Korea Kaskazini ilipolipua bomu lake la kwanza tarehe 9 Oktoba, 2006, lilikuwa dogo, na bado vyombo vililinasa, hata vile vya bara la mbali la Amerika ya Kusini.

Lakini chombo hiki hakisikii maneno ya mtu, hakipigi picha, wala hakijui kikosi kipi kimehama usiku. Na kumbukumbu zake hazifungiwi kabatini. Mwanafunzi wa chuo kikuu chetu cha hapa Mbarara aweza kuzisoma sawa na profesa wa California. Jasusi ambaye taarifa zake husomwa na kila mtu atakuwa jasusi wa ajabu.

Basi chombo kipo, ni chetu pia, na kinafanya kazi. Kisichofanya kazi ni hatua inayofuata. Hebu tukumbuke tarehe 26 Desemba, 2004. Asubuhi ya siku ile tetemeko la kipimo cha 9.1 lilipiga karibu na Sumatra, Indonesia. Vyombo vya dunia vilijua kwa dakika chache. Mawimbi makubwa ya tsunami yalichukua saa saba hivi kuvuka Bahari ya Hindi mpaka kufika pwani ya Afrika ya Mashariki. Saa saba! Katika saa saba askari wa miguu aliye mzembe hufika mbali. Lakini bahari hii haikuwa na utaratibu wowote wa kupelekeana onyo, na katika Somalia, hasa rasi ya Hafun, wapatao 300 walikufa. Huko Kenya habari ziliwafikia wakuu kwa njia ya matangazo ya redio na televisheni. Polisi wakashuka ufukweni wakawaondoa watu majini na mchangani. Aliyeripotiwa kufa Kenya ni mtu mmoja. Bahari ilikuwa ile ile na tetemeko lilikuwa lile lile. Tofauti ya masafa iliwasaidia Wakenya, hatulikatai hilo, lakini polisi waliotembea mchangani wakipiga filimbi nao wana sehemu yao katika hesabu ile, na hatujaona mahali ilipoandikwa ipasavyo.

Yaliyofanyika katika fukwe za Kenya ndiyo tunayoyataka Nakivale. Makazi yale, yaliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kuwapokea watu wa Rwanda, leo yana wakimbizi zaidi ya laki moja kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na kwingineko, waliotapakaa katika vilima vya Isingiro kuzunguka ziwa. Anayefika Juru au Rubondo ataona nyumba nyingi za udongo na miti, na za matofali mabichi, zilizojengwa kwa haraka na watu waliofika na mikono mitupu. Nyumba ya namna hiyo huvumilia mvua na jua. Mtikiso wa ubavuni haiuvumilii. Tena nyumba iliyo juu ya udongo laini wa kando ya ziwa hutikiswa zaidi kuliko ile iliyo juu ya mwamba, hata kama kati yao ni mwendo wa dakika kumi. Chombo cha Mbarara kitatoa kipimo kimoja cha tetemeko zima. Hakiwezi kusema kwamba katika kijiji fulani ukuta umemwangukia mama aliyekuwa akipika, na katika kijiji cha pili hakuna hata chungu kilichopinduka. Hilo litasemwa na mtu aliyefika pale kwa miguu.

Wala tusidhani kwamba hatari yenyewe ni ya kubuni. Tawi la magharibi la Bonde la Ufa hupita katika maziwa ya Albert, Edward, Kivu na Tanganyika, kwa hiyo limetuzunguka. Alfajiri ya tarehe 20 Machi, 1966, tetemeko la Toro liliua watu zaidi ya 150 na kubomoa maelfu ya nyumba. Tarehe 5 Februari, 1994, Kisomoro karibu na Fort Portal palipigwa tena. Na wengi wa wakazi wa Nakivale wametoka Kivu, ambako ardhi hutikisika mara kwa mara na ambako mlima wa Nyiragongo ulimwaga moto wake mpaka ndani ya mji wa Goma mwezi Januari 2002. Watu hao wanalijua tetemeko kuliko sisi. Wanajua kwamba baada ya mtikiso mkubwa hufuata midogo, na kwamba mtu hapaswi kukimbilia ndani kuchukua godoro. Askari akienda kwao akae chini awasikilize kwanza, kisha ndipo aseme yake.

Nao watamwelewa, kwa sababu ya lugha. Huenda hakuna kundi katika Uganda lililotumia Kiswahili kwa muda mrefu kama majeshi na polisi. Baadhi ya wananchi wenzetu walikichukia kwa ajili hiyo, na historia inajua sababu zao. Lakini katika Nakivale lugha hiyo hiyo ya kambini ndiyo inayomuunganisha konstebo wa Ankole na mama wa Bukavu. Agizo la kutoka nje ya nyumba, likisemwa kwa Kiswahili kilicho wazi, litafika mbali kuliko barua yoyote ya Kiingereza iliyobandikwa mlangoni mwa ofisi. Kwa Wasomali na Waethiopia watafutwe wakalimani mapema, si siku ya msiba.

Kuna jambo la uvumi pia, ambalo ni kazi ya polisi hasa. Baada ya kila tetemeko huzuka mtu anayetangaza kwamba kubwa zaidi litakuja usiku saa fulani, na ya kwamba habari hizo kazitoa kwa wazungu wenye mashine. Huo ni uongo. Hakuna chombo duniani, wala cha Mbarara wala cha Japani, kinachoweza kutaja siku na saa ya tetemeko lijalo. Pale Biharwe, katika njia ya Masaka, pamejengwa mnara wa kukumbusha kupatwa kwa jua kunakosimuliwa kuwa kulivuruga majeshi ya Bunyoro karne nyingi zilizopita. Wataalamu wamepiga hesabu ya kurudi nyuma wakataja mwaka 1520. Jua na mwezi vina ratiba, na kupatwa kwake kwaweza kuhesabiwa mbele na nyuma. Miamba haina ratiba. Askari aseme hivyo kwa upole, wala asimpige aliyeeneza uvumi, kwa kuwa mara nyingi ni mtu aliyekwisha kupoteza nyumba moja, naye anaogopa kupoteza ya pili.

Chombo chenyewe nacho chataka ulinzi. Vituo vya namna hii hutegemea umeme, betri na mawasiliano, na betri ni kitu ambacho mwizi hukipenda. Tarehe 22 Mei, 2021, Nyiragongo ulipolipuka tena bila onyo, dunia iliambiwa kwamba kituo cha kuuchunguza mlima huo kilikuwa kimepungukiwa fedha, na kwa miezi kadhaa kabla yake kilikosa mtandao wa kuleta habari kutoka vyombo vilivyoko mlimani. Sisi hatugawi fedha za sayansi. Lakini doria ipitayo karibu na kituo cha Mbarara haigharimu shilingi ya ziada, na dereva wa lori la jeshi anaweza kuambiwa asiegeshe injini ikinguruma kando ya ua ule.

Tunalolitaka ni dogo, na kwa ajili hiyo hatutaona sababu ya kuchelewa. Katika kila meza ya zamu kati ya Mbarara na Nakivale, katika kila kituo cha polisi na kila lango la kambi, ibandikwe karatasi yenye namba ya ofisi ya wataalamu wa matetemeko ya Idara ya Jiolojia na Madini iliyoko Entebbe, pamoja na namba za viongozi wa makazi. Tetemeko likipita, mkuu wa zamu aandike saa kwa dakika, aandike mahali alipokuwa, na aliyoyaona kwa macho: je, vyombo vya rafuni vilianguka, je, kuta zimepasuka, je, watu walioketi waliusikia mtikiso au waliosimama tu? Wataalamu wanazihitaji habari hizo, kwa kuwa kwazo huchora ramani ya madhara ambayo chombo pekee hakiwezi kuichora. Kisha, bila kungoja majibu, atume watu wawili wawili kwenda kuziangalia nyumba za udongo, waanze na zile za bondeni karibu na ziwa.

Makamanda wanaousoma ukurasa huu wanaweza kulianza jambo hili katika gwaride la kesho asubuhi. Karatasi moja na gundi kidogo vyatosha. Sisi tutazunguka vituo hivyo kabla ya mwezi kwisha, na tutauliza kila askari wa zamu namba ya Entebbe imebandikwa wapi.